Cheti kipo, tovuti bado inagoma: kutafuta chanzo kwa kufuata dalili

Cheti cha usalama cha tovuti (SSL/TLS, kile kinachowezesha https) kikikataa, wengi hukimbilia kukifuta na kuomba kingine. Mara chache sana hiyo ndiyo dawa. Cheti chenyewe kwa kawaida ni kizima. Kasoro iko kati ya faili lililolala kwenye diski na kile ambacho seva inamkabidhi mgeni anapobisha poti 443, mlango wa HTTPS. Ninazungumzia Nginx na Apache, programu zinazohudumia tovuti, kwenye seva ya Linux unayoisimamia mwenyewe, iwe cheti umekipata bure Let's Encrypt au umekinunua. Jina la kikoa nitakalotumia ni duka.example, weka la kwako.

Kabla hujagusa faili lolote, iulize seva inatoa nini. Iulize kutoka nje, kwenye kompyuta yako. Ukiuliza ukiwa ndani ya seva, huenda /etc/hosts inalipeleka jina kwenye 127.0.0.1, faiwoli hupiti, na jibu utakalopata siyo analopata mteja wako.

```
openssl s_client -connect duka.example:443 -servername duka.example -showcerts </dev/null
```

Anayetumia Windows aifungue Git Bash au WSL, amri itakubali. Matokeo ni marefu, lakini sehemu za kusoma ni mbili. Ya kwanza iko chini ya maneno Certificate chain:

```
 0 s:CN = duka.example
   i:C = US, O = Let's Encrypt, CN = R11
 1 s:C = US, O = Let's Encrypt, CN = R11
   i:C = US, O = Internet Security Research Group, CN = ISRG Root X1
```

Herufi s ni mwenye cheti, i ni aliyekitoa. Kila i inapaswa kufanana na s ya namba inayofuata, mpaka ufike kwa mtoaji mkuu ambaye simu na kompyuta tayari zinamjua. Sehemu ya pili iko mwishoni, mstari wa Verify return code. Ukiona 0 (ok), seva iko salama upande huo. 10 maana yake muda umekwisha, 18 maana yake cheti kimejisaini chenyewe, 20 na 21 maana yake mlolongo umekatika.

Ukitaka tarehe na majina tu bila msururu wote, tumia hii:

```
openssl s_client -connect duka.example:443 -servername duka.example </dev/null 2>/dev/null \
 | openssl x509 -noout -subject -issuer -dates -serial -ext subjectAltName
```

Iweke amri hii karibu, tutairudia sana.

"Kwangu inafunguka, kwa wateja inakataa"

Hii ndiyo dalili inayowapotezea watu muda kuliko zote, kwa sababu kila unapoifungua tovuti kwenye Chrome ya kompyuta yako unaiona nzima. Wakati huohuo programu ya simu inaandika `Trust anchor for certification path not found`, seva ya Java inalalamika `PKIX path building failed`, na curl inatoa:

```
curl: (60) SSL certificate problem: unable to get local issuer certificate
```

Au hakuna anayelalamika kabisa: mteja analipa kwa simu, hela inakatwa, lakini taarifa ya malipo haifiki kwenye mfumo wako. Mifumo ya malipo hutuma taarifa hizo kwenye anwani ya HTTPS uliyoisajili, na mtumaji asipokiamini cheti chako anakata mawasiliano kabla ombi halijafika kwenye programu. Ndiyo maana ukitafuta kwenye logi za PHP au Laravel hukuti hata mstari mmoja.

Chanzo ni kwamba seva inatoa cheti chako peke yake bila cheti cha kati. Cheti chako hakisainiwi na mtoaji mkuu moja kwa moja. Kinasainiwa na cheti cha kati, nacho ndicho kinachosainiwa na mtoaji mkuu. Simu inamjua mtoaji mkuu, haimjui wa kati. Ni sawa na mtu anayekuja na barua ya mjumbe mahali ambapo mjumbe hafahamiki, ila mwenyekiti wa kijiji anafahamika: bila mhuri wa mwenyekiti juu ya jina la mjumbe, barua haimsaidii.

Kwa nini basi Chrome ya kompyuta inakubali? Kwa sababu ndani ya cheti chako mna anwani ya kupakulia cheti cha kati, na Chrome huenda kukichukua yenyewe kimyakimya. Firefox nayo hubeba orodha ya vyeti vya kati vinavyojulikana. Curl, PHP, Python, Java na programu nyingi za Android hazijisumbui hivyo: zinapokea kile seva ilichotoa, kikipungua zinakataa. Kwa hiyo usikubali kivinjari kiwe shahidi wako kwenye jambo hili. Shahidi ni ile amri ya kwanza: ukiona namba 0 tu bila namba 1, na Verify return code: 21, umeshapata jibu.

Kwa Let's Encrypt marekebisho ni neno moja. Ndani ya /etc/letsencrypt/live/duka.example/ kuna cert.pem, chain.pem, fullchain.pem na privkey.pem. Nginx inatakiwa isome fullchain.pem:

```
ssl_certificate     /etc/letsencrypt/live/duka.example/fullchain.pem;
ssl_certificate_key /etc/letsencrypt/live/duka.example/privkey.pem;
```

Aliyeweka cert.pem hapo, jina likimvutia, ameweka nusu. Kwenye Apache kuanzia toleo la 2.4.8, SSLCertificateFile nayo inakubali fullchain.pem, matoleo ya kabla ya hapo yanataka mlolongo uwekwe kando kwenye SSLCertificateChainFile.

Cheti cha kununua huja kwenye faili la zip, ndani mna faili lenye jina la kikoa chako na jingine la ca-bundle. Unaviunganisha, chako kikitangulia:

```
cat duka_example.crt duka_example.ca-bundle > fullchain.crt
```

Hapa pana mitego miwili. Ukigeuza mpangilio, Nginx itachukua cheti cha kwanza ikidhani ndicho chako, ione hakilingani na ufunguo wako wa siri, na ikuambie `key values mismatch`, nawe utaanza kuuhangaikia ufunguo ambao hauna kosa. Mtego wa pili ni faili la kwanza lisiloishia na mstari mpya. Baada ya cat unapata kitu kama hiki, vyote kwenye mstari mmoja:

```
-----END CERTIFICATE----------BEGIN CERTIFICATE-----
```

Nginx italalamika `bad end line`. Fungua faili kwa nano, weka kishale kati ya vistari vitano na vitano, bonyeza Enter, basi.

Kama tovuti iko cPanel, mlolongo unaingia kwenye kile kisanduku cha tatu cha CA Bundle. Wengi hukiacha wazi kwa kuwa kinaonekana cha hiari. Kijaze.

Jambo jingine: usipakue cheti cha kati kwa mkono mahali fulani ukakibandika milele kwenye usanidi. Let's Encrypt hubadilisha vyeti vyake vya kati, na cha leo si lazima kiwe ndicho kitakachosaini cheti chako kijacho. Acha certbot, programu inayoomba na kuhuisha vyeti vya Let's Encrypt, ikuletee fullchain.pem kila mara.

Seva inagoma kuwaka baada ya kuweka cheti

Hapa afadhali, kwa sababu seva yenyewe inasema. Endesha `sudo nginx -t` au `sudo apachectl configtest` usome mstari wa mwisho. Neno sudo ni muhimu: faili la ufunguo husomwa na root peke yake, kwa hiyo ukijaribu bila sudo utapata `Permission denied` isiyohusiana na tatizo lako.

Ukipata `key values mismatch` kwenye Nginx, au AH02565 kwenye Apache, cheti na ufunguo haviendani. Hakikisha:

```
openssl x509 -in fullchain.pem -noout -pubkey | openssl sha256
openssl pkey -in privkey.pem -pubout | openssl sha256
```

Mistari miwili lazima ifanane herufi kwa herufi. Miongozo mingi ya zamani itakuambia ulinganishe modulus. Hiyo inafaa kwa funguo za RSA tu, na certbot tangu toleo la 2.0 la mwaka 2022 hutengeneza za ECDSA isipoelezwa vinginevyo. Amri hizi mbili zinafanya kazi kwa zote.

Zisipofanana, jiulize ombi la cheti (CSR, faili unalompelekea mtoaji) lilitengenezwa mara ngapi. Kisa cha kawaida: fundi anatengeneza ufunguo na ombi, anajaza fomu ya muuzaji, ukurasa unakwama, anaanza upya. Amri ileile inaandika ufunguo mpya juu ya ule wa zamani, ila muuzaji tayari analo ombi la kwanza na cheti anachotoa ni cha ufunguo ambao haupo tena. Usipoteze siku kuutafuta. Tengeneza ombi jipya kwa ufunguo ulionao sasa, uombe cheti kitolewe upya. Wauzaji wengi hawatozi kwa hilo wakati cheti bado kina muda.

`no start line` maana yake ni kwamba faili si la PEM (muundo wa cheti ulioandikwa kwa herufi za kawaida), au lilikuwa la PEM likaharibika njiani. Lifungue ulitazame. Linatakiwa lianze na `-----BEGIN CERTIFICATE-----` bila kitu chochote kabla yake. Vyeti vilivyonakiliwa kutoka kwenye barua pepe au WhatsApp mara nyingi hupoteza kistari kimoja, au vistari viwili hugeuzwa kimoja kirefu, jicho lisigundue. Ukikuta maandishi yasiyosomeka kabisa, hilo ni faili la DER, au la pfx kutoka Windows. La pfx linafunguliwa hivi:

```
openssl pkcs12 -in cheti.pfx -nocerts -nodes -out privkey.pem
openssl pkcs12 -in cheti.pfx -nokeys -out vyeti.pem
```

OpenSSL 3 ikikataa kwa kutaja RC2-40-CBC, faili lilifungwa kwa mbinu ya zamani. Ongeza `-legacy` na ujaribu tena. Baada ya hapo angalia mpangilio wa vyeti ndani ya vyeti.pem, maana si lazima chako kiwe cha kwanza.

Kwenye AlmaLinux, Rocky na ndugu zao kuna hali inayochanganya: `sudo nginx -t` inasema kila kitu sawa, lakini `systemctl start nginx` inashindwa ikidai haina ruhusa. Ruhusa za faili ni sahihi, mmiliki ni sahihi. Hiyo ni SELinux, ulinzi wa ziada wa Linux unaotumia lebo za faili. Faili ulilolihamisha kwa mv kutoka /root au /home limekuja na lebo ya huko lilikotoka. `sudo restorecon -Rv /etc/pki/tls` inairudisha lebo mahali pake. Tafadhali usiizime SELinux nzima kwa ajili ya faili moja.

Na ikiwa seva inawaka vizuri ukiiwasha kwa mkono lakini haijirudishi umeme ukikatika na kurudi, ufunguo wako una nywila: unasubiri mtu aiandike na hakuna mtu. `openssl pkey -in privkey.pem -out mpya.pem` inaiondoa. Funga faili jipya kwa chmod 600.

Kivinjari kinasema jina si lake

Chrome huandika `NET::ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID`, Firefox `SSL_ERROR_BAD_CERT_DOMAIN`. Endesha ile amri fupi uone orodha ya subjectAltName, yaani majina ambayo cheti kinayafunika. Vivinjari havitazami tena jina lililo kwenye CN. Chrome iliacha mwaka 2017 kuanzia toleo la 58. Kisichokuwa kwenye orodha hiyo hakipo.

Mara nyingi kinachokosekana ni www. Utasikia hoja kwamba www haihitaji cheti kwa kuwa inaelekezwa tu kwenye jina fupi. Inahitaji. Kivinjari hukagua cheti kabla ya kusikia habari ya kuelekezwa, kwa hiyo mgeni hukwama mlangoni:

```
sudo certbot --nginx --expand -d duka.example -d www.duka.example
```

Cheti cha nyota, yaani `*.duka.example`, kinabeba ngazi moja tu. Kinafunika lipa.duka.example, hakifuniki duka.example yenyewe, wala jaribio.lipa.duka.example. Omba jina la msingi pamoja na la nyota kwenye cheti kimoja.

Kama orodha inaonyesha jina la tovuti nyingine kabisa, pengine ya mteja mwingine aliye kwenye seva hiyohiyo, basi Nginx haikupata server_name inayolingana ikatoa ya kwanza iliyokutana nayo. Faili za sites-enabled husomwa kwa mpangilio wa alfabeti, hivyo mteja ambaye jina lake linaanza na A ndiye huonekana kwenye tovuti za wenzake. Tazama usanidi wote kwa mkupuo:

```
sudo nginx -T | grep -nE 'listen|server_name|ssl_certificate'
```

Kuna aina ya kosa hili inayojificha: baadhi ya watu wanapata cheti sahihi na wengine cha jirani, kwa saa hiyohiyo. Angalia kama tovuti yako ina `listen 443 ssl;` bila `listen [::]:443 ssl;`, huku tovuti ya jirani ikiwa nazo zote mbili. Wanaokuja kwa IPv4 wanakufikia, wanaokuja kwa IPv6 wanaangukia kwa jirani. Pima kwa kuongeza `-4` kisha `-6` kwenye s_client, majibu yatatofautiana.

Hakuna kinachojibu, au kinajibu upuuzi

Tofautisha kukataliwa na kusubirishwa. `ERR_CONNECTION_REFUSED` hurudi papo hapo, na mara nyingi maana yake hakuna programu inayosikiliza poti 443. Amri `sudo ss -tlnp | grep ':443'` itathibitisha. Ukurasa unaozunguka hadi kuchoka, `ERR_CONNECTION_TIMED_OUT`, ni faiwoli inayomeza maombi. Fungua kwa `sudo ufw allow 443/tcp`, au kwa `firewall-cmd --permanent --add-service=https` ikifuatiwa na `firewall-cmd --reload`. Kisha kumbuka kwamba kampuni nyingi za seva za wingu zina faiwoli yao ya pili kwenye ukurasa wa usimamizi, ambayo ufw haina habari nayo.

Firefox ikisema `SSL_ERROR_RX_RECORD_TOO_LONG`, Chrome `ERR_SSL_PROTOCOL_ERROR`, au curl `wrong version number`, poti 443 iko wazi lakini inaongea HTTP ya kawaida. Jaribu `curl http://duka.example:443`. Seva iliyo sawa ya Nginx itakukemea kwamba umetuma ombi la kawaida kwenye poti ya HTTPS. Ikikupa ukurasa wako, basi umeandika `listen 443;` ukasahau neno ssl. Usilitatue kwa `ssl on;` uliyoikuta kwenye mwongozo wa zamani, iliondolewa kwenye Nginx 1.25.1. Kwa Apache hakikisha `SSLEngine on` ipo, na kwenye Ubuntu na Debian endesha `sudo a2enmod ssl`.

Let's Encrypt inakataa kutoa cheti

Kwa njia ya kawaida, Let's Encrypt hukuagiza uweke faili kwenye /.well-known/acme-challenge/ kisha huja kulisoma kupitia poti 80. Ndiyo, 80. Aliyeifunga poti 80 kwa sababu "tunatumia HTTPS tu" amejifungia nje mwenyewe. Iache wazi ielekeze kwenye HTTPS. Let's Encrypt hufuata uelekezaji huo bila shida. Weka faili la majaribio mahali hapo ulisome kwa curl ukiwa kwenye mtandao mwingine, kwa mfano data ya simu. Usipolipata wewe, nao hawatalipata.

Ukiliona wewe na wao wasilione, endesha `dig AAAA duka.example +short`. Rekodi ya IPv6 iliyosahaulika tangu seva ya zamani ni chanzo cha kawaida kabisa. Let's Encrypt ikikuta AAAA huanzia huko. Seva ya zamani ikiwa bado hai na inajibu, ombi linafeli palepale hata kama IPv4 yako ni sahihi. Futa rekodi hiyo au irekebishe.

Ujumbe unaoanza na `During secondary validation` una maana yake maalumu. Tangu mwaka 2020 Let's Encrypt hukagua kikoa kutoka sehemu kadhaa za dunia kwa wakati mmoja. Wapo waliofunga seva zao zipokee anwani za IP za Tanzania au Kenya peke yake, kwa nia njema ya kupunguza mashambulizi, halafu cheti kinagoma kuhuishwa. Ukitaka kubaki na kizuizi hicho, hamia kwenye ukaguzi wa DNS, ambao unahitaji tu rekodi ya TXT kwenye `_acme-challenge.duka.example`. Cheti cha nyota kinaulazimu ukaguzi huo hata hivyo.

Pia angalia `dig CAA duka.example +short`, rekodi ya DNS inayotaja watoaji walioruhusiwa. Ikirudi na jina la mtoaji mwingine na letsencrypt.org haimo, mwenye kikoa ameshatangaza kwamba Let's Encrypt hairuhusiwi.

Wakati wote wa kujaribu, tumia `certbot certonly --dry-run`, ambayo huenda kwenye mazingira ya majaribio. Kwenye mazingira halisi, ukaguzi ukifeli mara 5 kwa jina moja ndani ya saa moja unasubirishwa, na cheti chenye majina yaleyale hakitolewi zaidi ya mara 5 ndani ya siku 7. Hapa ndipo tabia ya "nifute niombe tena" inapomgharimu mtu: anafuta folda ya /etc/letsencrypt kila jaribio, jioni anajikuta hana cheti wala ruhusa ya kuomba kingine.

Certbot inasema kimehuishwa, kivinjari kinasema kimekwisha

Wote wawili wanasema kweli. Linganisha:

```
sudo openssl x509 -in /etc/letsencrypt/live/duka.example/cert.pem -noout -dates -serial
```

na matokeo ya ile amri fupi ya kutoka nje. Namba za serial zikitofautiana, cheti kipya kiko kwenye diski lakini Nginx bado inashikilia cha zamani kwenye kumbukumbu yake. Hukisoma inapowaka au inapopakiwa upya tu. `sudo systemctl reload nginx` inatosha kwa leo. Kwa siku zijazo, weka faili lenye ruhusa ya kuendeshwa ndani ya /etc/letsencrypt/renewal-hooks/deploy/:

```
#!/bin/sh
systemctl reload nginx
```

Aliyeomba kwa `--nginx` au `--apache` huwa anafanyiwa hivyo na certbot yenyewe. Wanaoumia ni waliotumia certonly na --webroot. Waliotumia --standalone wana tatizo jingine: siku ya kwanza poti 80 ilikuwa tupu, siku ya kuhuisha imekaliwa na Nginx, na certbot haiwezi kuipata.

Kama hata cheti cha kwenye diski kimekwisha, angalia `systemctl list-timers | grep certbot` kuona kama kuna kinachoamka kuhuisha, kisha `sudo certbot renew --dry-run` kuona kinakwama wapi. Usitegemee barua pepe ya kukumbushwa: Let's Encrypt iliacha kuzituma Juni 2025.

Waliozoea kununua cheti cha mwaka na kukiweka kwa mkono nao wabadilishe utaratibu. Watoaji na watengenezaji wa vivinjari walikubaliana Aprili 2025 kwamba muda wa juu, uliokuwa siku 398, ushuke hadi siku 200 kwa vyeti vinavyotolewa kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia 15 Machi 2029. Kuweka kwa mkono kila baada ya siku 47, kwa wateja kumi, hiyo ni ajira.

Cheti kizuri, ukurasa una matatizo

`ERR_TOO_MANY_REDIRECTS` baada ya kuweka Cloudflare, huduma inayopokea wageni mbele ya seva yako: mpangilio wa usimbaji uko Flexible. Cloudflare inakuja kwako kwa HTTP, seva yako inaielekeza HTTPS, inarudi tena kwa HTTP, hivyohivyo bila kikomo. Weka Full (strict).

Picha hazionekani au mtindo wa ukurasa umevurugika: ndani ya kurasa bado mna viungo vya http://. Kwenye WordPress, `wp search-replace 'http://duka.example' 'https://duka.example' --dry-run` itakuonyesha viko wapi kabla ya kubadilisha chochote. Na mteja akilalamika kwamba haoni kufuli kwenye Chrome, mtulize. Chrome ya kompyuta iliondoa alama ile mwaka 2023.

Mtu mmoja tu ndiye anayekataliwa

Ukishapata Verify return code: 0 kutoka mitandao miwili tofauti, seva imemaliza kazi yake. Mwombe mlalamikaji picha ya skrini yenye msimbo wa kosa na tarehe ya simu yake. Simu iliyozima chaji kabisa ikarudi na tarehe ya miaka iliyopita hutoa `ERR_CERT_DATE_INVALID` kwenye kila tovuti, siyo yako tu, na watu huwa hawakuambii hilo mpaka uwaulize. Kwenye kompyuta za ofisi, bonyeza maelezo ya cheti usome jina la mtoaji: ukikuta la programu ya kuzuia virusi au la kifaa cha mtandao cha ofisi, kuna anayefungua mawasiliano katikati, na wa kuzungumza naye ni mtu wa IT wa ofisi hiyo.

Wanaobaki ni wenye Android za kabla ya 7.1.1. Hazimjui ISRG Root X1, mtoaji mkuu wa Let's Encrypt. Zilisaidiwa kwa miaka kadhaa na saini ya mtoaji mwingine wa zamani, lakini saini hiyo ilikwisha 30 Septemba 2024 na hakuna usanidi wa Nginx utakaoirudisha. Firefox hubeba orodha yake ya watoaji wakuu bila kutegemea ya simu, kwa hiyo toleo lake linalokubali kwenye simu hiyo linaweza kumfikisha mtumiaji. Kwa huduma ambayo wateja wake wengi bado wana simu hizo, linganisha idadi yao kwenye logi zako na bei ya cheti cha mtoaji ambaye mzizi wake ulikuwemo kwenye Android tangu zamani. Kabla hujalipa, omba anwani ya tovuti yao ya majaribio uifungue kwenye simu moja ya aina hiyo.